Tendo Kwanza, Sifa Baadaye: Kumfundisha Mwanafunzi Kumfuatilia Mhusika wa Riwaya

Chukua karatasi kumi za majibu ya Fasihi kutoka darasa la kidato cha tatu, usome swali la wahusika. Utakuta "ni katili", "ni mvumilivu", "ana mapenzi ya dhati", "ni mwenye bidii", na chini ya kila sifa kuna sentensi moja inayoelea. Mara nyingi sifa zenyewe ni sahihi, maana zimenakiliwa kutoka kwenye mwongozo. Kinachokosekana ni njia iliyomfikisha mwanafunzi pale. Mtahini akiligeuza swali kidogo tu, akauliza kwa nini mhusika huyo alinyamaza katika tukio fulani au alianza kubadilika lini, mwanafunzi hana pa kushika.

Maelekezo haya ni ya mwalimu anayesomesha riwaya moja kwa muhula, katika darasa la wanafunzi 40 hadi 60, ambalo huenda wanafunzi watatu wanachangia nakala moja. Msingi wake ni huu: mwanafunzi aandike kwanza mhusika amefanya nini, katika ukurasa gani, na kivumishi kisubiri. Hatua nyingine zote zinaujenga msingi huo.

Kazi ya mwalimu kabla kitabu hakijafunguliwa

Soma riwaya yote ukiwa na karatasi pembeni, uandike kila jina linapotokea kwa mara ya kwanza na ukurasa wake. Usiishie kwenye majina. Katika riwaya za Kiswahili mtu mmoja hutajwa kwa namna nyingi: jina lake, jina la mtoto wake wa kwanza, cheo, jina la utani, wakati mwingine kabila au kijiji alikotoka. Aliyeitwa Mzee Faraji katika sura ya kwanza anakuwa Baba Zuhura katika ya pili, Mjumbe katika ya nne, na wajukuu zake wanamwita babu tu. Mwanafunzi asiyejua kwamba hao ni mtu mmoja atawagawia sifa kama watu wanne, na atashangaa Mjumbe alijuaje siri ambayo Baba Zuhura aliambiwa faraghani. Kwa hiyo orodha yako iwe na safu ya "anaitwa pia". Usiwape wanafunzi orodha hiyo. Waijenge wenyewe kadiri wanavyosoma. Wewe uitumie kusahihisha.

Maneno ya ukoo nayo yana mtego wake. "Babu", "mama", "kaka", "shangazi" na "ndugu" ni majina ya damu, lakini pia ni ya heshima. Kijana anayemwita muuza duka "babu" hajatuambia kwamba wana undugu. Ametuambia kwamba amefunzwa adabu, au kwamba anahitaji kitu. Wazoeze wanafunzi kuuliza kila mara: je, hii ni damu au ni heshima? Na kama ni heshima, kwa nini imetumika hapa wakati ukurasa uliotangulia alitajwa kwa jina lake?

Kisha igawe riwaya katika vituo. Kitabu cha kurasa 200 kinaweza kuwa na vituo 8 hadi 10 vya kurasa 20 hivi, kila kimoja kikiishia mahali ambapo jambo limebadilika, hata kama si mwisho wa sura. Kituo kimoja kwa wiki kinautosha muhula na kuacha wiki mbili tatu za marudio.

Daftari lipangweje

Daftari la kurasa 96 linatosha kwa riwaya moja na bado litabaki na nafasi. Kurasa mbili za mwanzo ni za orodha ya majina. Kila mhusika mkuu apewe kurasa nne, yaani jozi mbili zinazotazamana. Wahusika wasaidizi sita au saba wapewe kurasa mbili mbili. Wapita njia, kama karani, dereva au jirani wa siku moja, wawekwe watano kwa ukurasa mmoja. Mpita njia akianza kurudi mara kwa mara, ahamishiwe kwenye kurasa zake. Uhamisho huo wenyewe ni somo, kwa sababu mwanafunzi anagundua kwamba mwandishi alikuwa anamwandaa mtu huyo tangu zamani.

Ukurasa wa kushoto ni wa ushahidi na wa kulia ni wa fasiri. Kushoto huandikwa kwa wino: namba ya ukurasa wa riwaya, herufi moja ya kuonyesha aina ya ushahidi, kisha jambo lenyewe kwa maneno yasiyozidi 15. Kulia huandikwa kwa penseli, na kwa sababu ni penseli, hakuna anayeogopa kukosea.

Herufi zenyewe ni tano. T ni tendo. K ni kauli ya mhusika mwenyewe. W ni wazo lake, pale msimulizi anapotuingiza moyoni mwake au anapozungumza na nafsi yake. M ni maneno ya wahusika wengine juu yake, na hapa jina la aliyesema ni lazima. S ni maelezo ya moja kwa moja ya msimulizi, pamoja na umbo na mavazi. Baadhi ya walimu huongeza herufi ya sita kwa mambo ambayo mhusika ameacha kuyafanya ilhali alitarajiwa. Sisi tunapendelea kuyaweka chini ya T na kuandika "hakufanya", ili mwanafunzi azoee kwamba kunyamaza na kutokwenda ni matendo pia.

Wekeni kikomo: maingizo yasiyozidi matatu kwa mhusika mmoja katika kituo kimoja. Bila kikomo, mwenye bidii atanakili nusu ya kitabu na mvivu hataandika kitu. Zaidi ya hayo, kuchagua matatu kati ya kumi ni uchambuzi tayari. Muulize mwanafunzi kwa nini aliliacha lile la nne, na utasikia fikra zake.

Mfano wa kufanyia kazi ubaoni

Kifungu hiki tumekitunga kwa ajili ya zoezi. Kiandike ubaoni au ukisome mara mbili kwa sauti.

"Mzee Kombo alilipokea daftari la madeni kutoka mikononi mwa Tatu, akalifunua polepole mpaka ukurasa wa mama yake. 'Mwambie mama sukari ipo,' alisema, 'ila mzani umeharibika.' Mzani ulikuwa pale pale juu ya meza, na haukupita muda akawa amempimia mke wa mwalimu kilo mbili. Tatu hakuondoka. Aliutazama mzani, akamtazama Mzee Kombo, kisha akasema, 'Basi nitasubiri utengenezwe, babu.' Akakaa juu ya gunia la chumvi. Watu waliingia na kutoka. Jua lilipofika kizingitini, Mzee Kombo alifunga robo kilo katika karatasi, akaisukuma juu ya meza bila kumtazama. Hakuandika kitu daftarini."

Waulize wanafunzi Mzee Kombo ni mtu wa namna gani. Majibu yatakuja haraka: mchoyo, mwongo, mbaguzi. Wachache watasema mkarimu. Yaandike yote pembeni bila kuyapinga, kisha ufute ubao uliobaki na uanze upya na ukurasa wa kushoto:

T – anafunua ukurasa wa mama Tatu polepole.
K – "sukari ipo, ila mzani umeharibika". Lakini anampimia mke wa mwalimu.
T – anafunga robo kilo, anaisukuma bila kumtazama mtoto.
T – hakufanya: haandiki deni.

Sasa rudini kwenye yale majina ya pembeni, mkiuliza kila moja limesimama juu ya ingizo lipi. "Mwongo" lina K. Lakini kwa nini adanganye, wakati angeweza kusema wazi kwamba mama ana deni? Palikuwa na wateja. Angesema neno deni, angemvunjia mtoto na mama yake heshima mbele za watu. Uongo wa mzani unaweza kuwa wa kujikinga, na unaweza kuwa wa kumsitiri mwenzake. Kifungu hakijaamua, na mwanafunzi asilazimishwe kuamua. Kwenye ukurasa wa kulia aandike kwa penseli: "Anadanganya, ama anakwepa, ama anasitiri. Nitazame akiwa peke yake na mdaiwa." Hiyo ndiyo fasiri nzuri ya kituo cha kwanza: ina sifa mbili zinazoshindana na imetaja ushahidi utakaotoa hukumu.

Mgeukie Tatu. Darasa karibu zima litasema mvumilivu, kwa kuwa alisubiri. Waelekeze kwenye kauli yake: "Basi nitasubiri utengenezwe, babu." Mtoto ameuona mzani ukifanya kazi. Anajua. Badala ya kumwumbua mzee, anaukubali uongo wake kama ulivyo, kisha anakaa mahali ambapo kila mteja atamwona. Kukaa kwake ni shinikizo, na "babu" ni adabu inayolifunika. Hapo sifa inasogea kutoka uvumilivu kwenda werevu na msimamo. Mwanafunzi aliyeanza na kivumishi asingefika huku. Kivumishi kingemfungia mlango pale pale alipoandika "mvumilivu".

Zoezi hili huchukua kipindi kizima cha dakika 40. Usilipunguze.

Nani kamfanya nani nini

Kuna kosa linaloharibu madaftari mengi, nalo linatokana na sarufi ya lugha yetu yenyewe. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakisemi ni mume au mke, wala hakisemi ni yupi kati ya watu wawili waliotajwa. Sentensi kama "Alimwambia asipomrudishia barua asingemwona tena" ina watenda na watendwa waliojificha katika vitenzi vitatu, na msomaji mwenye haraka huwapanga atakavyo. Matokeo yake ni ingizo lililoandikwa vizuri, lenye ukurasa sahihi, chini ya mhusika asiye wake.

Dawa yake ni kuiandika upya sentensi yenye utata kwa kurudisha majina: "Hadija alimwambia Rukia kwamba Rukia asipomrudishia Hadija barua, Rukia asingemwona Hadija tena." Inasomeka vibaya, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ni kazi ya kupima. Fanyeni hivyo kwenye majibizano marefu ambako mwandishi ameacha kutaja majina. Hesabuni mistari ya mazungumzo kwa zamu, A na B, mkianzia mahali ambapo jina lilitajwa kwa hakika. Na jina kama Amani au Furaha laweza kuwa la mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mwanafunzi atafute neno linalothibitisha (mume, binti, kaka, mjamzito) kabla hajajenga picha.

Uzito wa ushahidi

Si kila ingizo lina thamani sawa. Tendo ambalo mhusika amelifanya akiwa peke yake ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hakuna wa kumfurahisha. Linafuatiwa na tendo la mbele za watu, kisha kauli. Maneno ya kujisifu yaandikwe K na yatafutiwe T inayolingana nayo. Isipopatikana, hiyo nayo ni habari kubwa juu ya mhusika.

Maingizo ya M yanahitaji uangalifu zaidi. Jirani akisema kwamba Mzee Kombo ni mchawi, tumejua jambo moja kwa hakika: jirani anapenda kusema hivyo. Kwa hiyo kila M iandikwe mara mbili, kwenye ukurasa wa anayesemwa na kwenye ukurasa wa msemaji, ambako inakuwa K. Wanafunzi hulalamika kwamba ni kazi maradufu. Wavumilie, kufikia kituo cha tano wataona wenyewe kwamba mfitini wa kitabu amejichora kwa midomo yake bila msimulizi kumtaja hata kwa neno moja baya.

Na msimulizi? Akiwa wa nafsi ya tatu anayejua yote, S yake inaaminika kwa sehemu kubwa. Akisimulia kwa nafsi ya kwanza, "mimi", basi yeye mwenyewe ni mhusika na anahitaji kurasa zake nne. Kila anachosema juu ya wengine ni M. Wengi hulisahau hili na humwamini "mimi" kama wanavyomwamini mwalimu.

Majina ya majazi, yaani majina yanayodokeza tabia ya mhusika, yawekwe chini ya S. Fasihi yetu imeyatumia kwa muda mrefu: katika Kusadikika ya Shaaban Robert, waziri anayeitwa Majivuno ana majivuno kweli, na jina linathibitisha tabia. Lakini katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kuna mtemi dhalimu anayeitwa Nasaba Bora, na hapo jina linasimama kinyume na matendo. Kwa hiyo jina lichukuliwe kama dai linalosubiri kupimwa kwa T. Mwanafunzi anayeandika "ni mwema kwa sababu anaitwa Wema" hajasoma bado.

Kulipata neno lenyewe

Kufikia kituo cha tatu au cha nne, ruhusu vivumishi viandikwe kwa wino. Masharti ni mawili: sifa iwe na maingizo mawili kutoka vituo viwili tofauti, na angalau moja liwe T. Jambo lililotokea mara moja ni hisia au tukio. Mtu aliyekasirika siku ya msiba si lazima awe mtu wa hasira. Vilevile watofautishe sifa na hali. Maskini, mjane, yatima, mgonjwa na mwalimu ni hali. Zinatuambia yaliyompata mtu au anachokifanya, bado hazijatuambia yeye ni nani. Swali la kuwavusha ni: "Ni maskini, sawa. Anaubebaje umaskini wake?"

Kisha ndipo kazi ya maneno inapokolea, na hapa inafaa mwalimu atumie muda bila haraka. Kiswahili kina akiba kubwa ya majina ya tabia, lakini wanafunzi wengi huzungukia kumi tu. Wape maneno kwa makundi ya jirani na uwatake waseme tofauti.

Mchoyo, bahili, mbinafsi. Mchoyo anacho na anawanyima wengine. Bahili anaweza kuinyima hata nafsi yake. Anavaa kanzu iliyochanika huku fedha zimelala. Mbinafsi hahusiki na mali peke yake: anaweza kutoa zawadi nono, ila kila anachokitoa kinazunguka na kumrudia.

Mpole, mnyonge, mwoga. Mpole ana uwezo wa kujibu akachagua kutojibu. Mnyonge hana uwezo huo, au ameaminishwa kwamba hana. Mwoga anao, lakini hofu inamzuia. Wahusika wengi wa kike katika riwaya huitwa wapole kwenye majibu ya wanafunzi, na ukifuatilia maingizo ya W utaona kwamba ndani wanawaka moto. Hao si wapole. Ni watu waliofungwa, na tofauti hiyo inabadilisha maudhui yote ya kitabu.

Jasiri, mkaidi, mjeuri, mwenye msimamo. Mkaidi haachi hata akionyeshwa ukweli. Mwenye msimamo anaweza kueleza sababu yake, na angeacha kama sababu ingeondoka. Mjeuri anataka aonekane kuwa hatii. Jasiri anajua hatari iliyopo na anakwenda; kijana asiyejua hatari hawezi kuitwa jasiri kwa tendo hilo.

Mwerevu, mjanja, laghai. Waachie wanafunzi wapambane na haya wenyewe, wakimtumia Tatu.

Mjadala wa namna hii unaweza kuleta ubishi mkali darasani, na hilo ni jema. Kanuni iwe moja: anayebisha ataje ukurasa.

Kuyaona mabadiliko

Katikati ya kitabu, kila mwanafunzi alaze daftari na kuchora mstari wa mhusika mkuu. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ni vituo. Kwa kwenda juu ni kipimo cha 0 hadi 5 cha jambo moja tu lililochaguliwa na darasa, kama vile "anamwogopa baba yake kiasi gani" au "anawaamini wenzake kiasi gani". Usikubali kipimo cha furaha. Furaha hupanda na kushuka pamoja na matukio, na mchoro utatuonyesha bahati ya mhusika tu. Hapa ndipo wengi hukosea: mhusika aliyekuwa tajiri akafilisika amebadilika hali, na pengine tabia yake iko pale pale. Kila mahali mstari unapopinda sana pawe na namba ya ukurasa. Mstari ukipinda bila ukurasa, kuna ingizo lililokosekana, arudi akasome.

Mchoro huu ndio unaofaa kufundishia mhusika bapa na mhusika duara, istilahi zenye asili katika mihadhara ya Mwingereza E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927. Kipimo chake kwa mhusika duara kilikuwa uwezo wa kumshangaza msomaji kwa namna inayosadikika. Maneno yote mawili ni muhimu. Mtu asiyetushangaza kamwe ni bapa. Na anayetushangaza bila kutushawishi? Ni bapa aliyepindishwa na mwandishi. Waambie wanafunzi kwamba ubapa si kasoro. Mfitini wa kijiji asiyebadilika anaweza kuwa na kazi kubwa katika msuko.

Ramani ya uhusiano ichorwe mara tatu: baada ya robo ya kwanza, katikati na mwishoni. Majina ndani ya viduara, mishale kati yao. Juu ya kila mshale iandikwe sentensi fupi ya kitenzi. "Mke" na "rafiki" haziruhusiwi. "Anamficha deni", "anamtegemea kwa karo", "anamwonea wivu" ndizo zinazotakiwa. Mshale wa kwenda uwe na maneno yake na wa kurudi yake, kwa maana watu wawili mara chache huhusiana kwa namna moja. Ramani tatu zikiwekwa pamoja, mshale uliobadilika kitenzi ndipo palipo na kiini cha riwaya.

Darasa kubwa, vitabu vichache

Gawa makundi ya wanafunzi sita, kila kundi mhusika mmoja, na kila mwanafunzi abaki na mhusika mkuu kama mzigo wake binafsi. Ndani ya kundi, mmoja anasoma kwa sauti, wawili wanawinda matendo, mmoja kauli, mmoja mawazo na maneno ya wengine, mmoja anaandika. Majukumu yazunguke kila kituo. Hatari ya makundi ni kwamba waliopewa mhusika msaidizi humaliza kitabu wakimjua huyo tu. Kwa hiyo kila baada ya vituo vitatu makundi yabadilishane madaftari kwa kipindi kimoja, na kundi linalopokea liwe na kazi mahususi: litafute ingizo moja ambalo haliafiki fasiri yake, na liandike pingamizi kwa penseli.

Kusahihisha madaftari 60 kila wiki hakuwezekani. Chukua sita bila mpangilio na utazame mambo matatu: namba za ukurasa zipo? Ukurasa wa kushoto una vitenzi au umejaa vivumishi? Ukurasa wa kulia una mahali palipofutwa na kuandikwa upya? Daftari lisilo na penseli iliyofutwa mpaka kituo cha sita huwa limenakiliwa kutoka mahali.

Kutoka kwenye daftari hadi kwenye jibu

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, mwanafunzi ana saa mbili na nusu kwa maswali manne ya alama 20 kila moja, yaani dakika 37 hivi kwa swali. Hana muda wa kutafakari tabia mle ndani; lazima aingie na hoja zilizokwisha kupimwa. Hoja moja ya sifa ina sehemu tatu: jina la sifa, tukio mahususi lenye watu na mahali, na maelezo ya kwa nini tukio hilo linaonyesha sifa hiyo. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Linganisha:

"Tatu ni mwerevu. Alienda dukani kwa Mzee Kombo akasubiri mpaka akapewa sukari."

"Tatu ni mwerevu. Mzee Kombo anapomwambia mzani umeharibika, ilhali amewapimia wengine, Tatu hambishii. Anajibu kwamba atasubiri utengenezwe na kukaa dukani mbele ya wateja. Kwa kuukubali uongo huo anamwachia mzee heshima yake, na wakati huohuo anamnyima sababu ya kumfukuza."

Swali la umuhimu wa mhusika lina njia yake: mtoe mhusika kitabuni kwa dakika moja. Tukio gani lisingetokea? Siri gani isingefichuka? Mhusika yupi mwingine tungemfahamu nusu tu, kwa kukosa wa kumlinganisha naye? Majibu ya maswali hayo ni umuhimu. Kurudia sifa zile zile kwa maneno mengine si umuhimu, na huko ndiko alama nyingi hupotelea.

Swali la dondoo, "Eleza muktadha wa dondoo hili", kwa kawaida lina alama 4: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya maneno hayo kusemwa. Maingizo ya K yenye ukurasa ndiyo marudio yake. Wafanyishane mazoezi wawili wawili: mmoja anasoma K kutoka daftarini, mwenzake anataja hivyo vinne. Kwa watahiniwa wa Tanzania, ambako swali la insha mara nyingi hutaka hoja tatu tatu kutoka katika kila kitabu, ramani ya mwisho inasaidia zaidi kuliko orodha ya sifa, kwa kuwa hoja za maudhui hutokana na jinsi watu wanavyotendeana.

Mwongozo wa dukani uruhusiwe lini

Hauwezi kuzuiwa, na si lazima uzuiwe. Uletwe darasani baada ya kituo cha mwisho. Kila kundi lipewe ukurasa wa mhusika wake na lifanye kazi moja: kando ya kila sifa iliyochapishwa, liandike namba mbili za kurasa za riwaya zinazoithibitisha. Zenye kurasa zibaki. Zenye ukurasa mmoja ziwekewe alama ya kuuliza na kujadiliwa. Zisizo na ukurasa wowote zipigwe mstari kwa wino mwekundu, na sifa ambazo wanafunzi wanazo daftarini lakini mwongozo hauna ziandikwe chini yake, na kurasa zake.